Kosa ni la Nani? Istilahi za Hitilafu katika Mifumo ya Kazi za Ofisi

Kazi ya kusanifu istilahi za kompyuta nchini imekuwa, kwa sehemu kubwa, kazi ya kuvipa vitu majina. Tunalo jina la kompyuta yenyewe, na wenzetu wa Kenya wanalo la tarakilishi. Tunavyo kishikwambi, nywila, tovuti, kiungo na barua pepe. Baadhi ya majina hayo yamepokewa na umma. Mengine yangali yakibishaniwa. Lakini chombo hufanya kazi, na mara nyingine hushindwa kuifanya. Siku kinaposhindwa ndipo mtumiaji anapohitaji maneno kuliko siku nyingine yoyote, na ni siku hiyo hiyo ambapo orodha zetu za istilahi humwacha mikono mitupu.

Katika makala haya tunakusudia kuyachunguza maneno yatumiwayo na mifumo ya ofisi za umma inapotangaza kwamba jambo limekwenda mrama. Mifano yetu tumeichukua Mwanza na mwambao wa Ziwa Victoria, kwa sababu mbili. Kwanza, shughuli za huko, yaani uvuvi, ushuru, leseni, vibali na usafirishaji, hupita sasa katika mifumo ya kielektroniki, na haziwezi kungoja. Pili, huko Kiswahili hukutana kila siku na Kisukuma, Kikerewe, Kijita, Kizinza na Kihaya. Neno lisiloeleweka mara moja haliokolewi na mazoea. Hoja yetu ni moja: istilahi za hitilafu hugawa lawama, na pamoja na lawama hugawa gharama. Anayezitafsiri bila kuzitofautisha huamua, pasipo kujua, ni nani atakayelipa.

1. Kazi inayojiendesha

Yafaa kwanza tueleze ni kazi gani tunayoizungumzia. Katika ofisi ya kisasa ya halmashauri, kazi nyingi zilizofanywa zamani na karani kwa mkono hufanywa na msururu wa amri: maelekezo mafupi yaliyoandikwa mara moja na kuachiwa kompyuta iyatekeleze yenyewe kila siku au kila saa. Msururu mmoja huchukua orodha ya malipo kutoka benki na kuilinganisha na ankara. Mwingine huandaa usuluhishi wa hesabu. Mwingine hutuma ujumbe wa simu kwa wadaiwa. Mwingine hupokea makusanyo kutoka kwenye mashine za kukusanyia mapato zilizoko masokoni na mialoni. Tangu mfumo wa Serikali wa kupokea malipo kwa njia ya kielektroniki ulipoanza kutumika mwaka 2017, mlipaji hupewa namba ya kumbukumbu ya malipo, ambayo wengi huiita "kontro namba", na kuanzia hapo safari yote ya fedha yake hadi stakabadhi iko mikononi mwa misururu ya namna hii.

Karani wa zamani alipokutana na jambo asilolielewa alisita, akamwuliza mkuu wake. Msururu wa amri hausiti. Hufanya moja kati ya mambo matatu: husimama, au huendelea kana kwamba hapakuwa na neno, au hufanya kile ambacho mwandishi wake alikitayarisha kwa ajili ya siku kama hiyo. Matayarisho hayo ndiyo sehemu ngumu ya kazi ya mtunzi wa programu, na kila hatua yake huhitaji neno: neno la kuandika ndani ya programu, neno la kuandika katika daftari la matukio, na neno la kumwambia mwananchi. Kama lugha ina neno moja tu, programu nayo huishia kuwa na jibu moja tu.

2. "Kosa" na "batili"

Neno la Kiingereza error limekuwa likipewa visawe viwili, kosa na hitilafu, nayo hutumiwa kana kwamba ni kitu kimoja. Si kitu kimoja. Kosa linatokana na kukosa. Aliyekosa yupo, ni mtu, naye ana jina. Katika matumizi ya kila siku tunamwomba radhi tuliyemkosea, na katika mahakama zetu tunasomewa kosa tuliloshtakiwa nalo. Hitilafu, kwa upande wake, asili yake ni neno la Kiarabu lenye maana ya tofauti au kutolingana, haimtaji mtu. Mtambo huwa na hitilafu. Hatusemi kwamba mtambo umetenda kosa.

Sasa tuchukue ujumbe wa aina ijulikanayo sana: "Kosa limetokea." Mwandishi wake alikusudia kusema kwamba programu imeshindwa kuendelea. Msomaji, ambaye ni mchuuzi wa dagaa aliyesimama mbele ya dirisha, husikia kwamba kosa ni lake. Hutazama namba aliyoiandika, huiandika tena, huomba msamaha kwa karani. Karani naye, ambaye hajui zaidi ya kile kilichoandikwa kwenye kioo, humwambia arudi nyumbani akaangalie karatasi zake. Hakuna aliyesema uongo, ila neno limemhamisha mtu na karatasi zake kwa hitilafu ambayo huenda ilikuwa ya mashine iliyoko maili mia kadhaa kutoka hapo.

Neno batili lina tatizo kubwa zaidi. Limetwaliwa kama kisawe cha kila kitu ambacho kompyuta imekikataa: namba batili, tarehe batili, jina batili. Lakini batili ni neno la sheria na la dini kabla ya kuwa la mashine. Mkataba batili hauna nguvu. Ndoa batili si ndoa. Tangu mwaka 2021, kwa marekebisho ya sheria yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama nchini, uzito huo wa neno umeongezeka. Haifai neno hilo hilo litumike katika hukumu na pia kumjulisha mtu kwamba ameruka tarakimu moja. Namba iliyopungua tarakimu si batili; imepungua. Lugha yetu inalo neno kasoro tangu zamani kwa jambo hilo hilo, hata katika kutaja saa.

3. Ritifaa na majina ya watu

Tutoe mfano ambao unauhusu sana ukanda wa ziwa. Majina mengi ya Kisukuma ya watu na ya mahali huandikwa kwa ng' yenye ritifaa, na ritifaa hiyo si pambo. Wilaya ya Nyang'hwale katika Mkoa wa Geita inalo. Majina ya ukoo kama Ng'wandu yanalo. Na Kiswahili chenyewe kinalo katika ng'ombe na ng'ambo.

Katika lugha ambayo kwayo programu nyingi huzungumza na hazina ya taarifa, alama iyo hiyo hutumika kuonyesha mahali maneno yaliyonukuliwa yanapoanzia na yanapokomea. Programu iliyoandikwa bila uangalifu, ikipewa jina Nyang'hwale, huamini kwamba jina limekwisha kwenye ng, na hayo yanayofuata huyasoma kama amri asiyoielewa. Hapo husimama. Dawa yake inajulikana na watunzi wote wazuri wa programu: jina lisiunganishwe na amri, bali lipelekwe peke yake kama taarifa. Ni kazi ndogo. Hata hivyo palipokosekana uangalifu huo, mwananchi huambiwa nini? Huambiwa "Jina batili."

Tuyapime maneno hayo kama angeyapima mtu aliyeitwa jina la babu yake. Programu ndiyo yenye dosari. Jina ni halali, limo katika cheti cha kuzaliwa na katika kitambulisho cha taifa. Lakini sentensi imelibatilisha jina na kuiacha programu ikiwa safi. Matokeo yake ni kwamba karani mwenye huruma huiondoa ritifaa ili kazi iendelee. Mtu huyo sasa ana majina mawili katika ofisi mbili, na siku taarifa zake zitakapolinganishwa ili apate mkopo, pensheni au mirathi, ataambiwa kwamba majina hayalingani, na atakwenda kuapa mbele ya wakili, kwa gharama yake, kwamba yeye ni yeye. Mtafsiri ambaye angeandika "Mfumo haujaweza kusoma alama iliyomo katika jina hili" angeielekeza lawama kwa ofisa wa TEHAMA, ambaye peke yake ndiye awezaye kuiondoa.

4. "Mtandao unasumbua" na "jaribu tena baadaye"

Umma haukungoja wasanifu wa istilahi. Umejitungia misemo yake: mfumo umegoma, mashine imeganda, kadi haisomi, mtandao umekata. Tukiichunguza tunaona kwamba inatofautisha mambo. Kilichoganda kimewaka lakini hakisogei. Kisichosoma hakikipokei kile kilichopewa. Kilichokata kimepoteza mawasiliano. Hata mgomo una maana yake: mashine inafananishwa na mfanyakazi aliyekataa kazi bila kutoa sababu. Tofauti hizi za mitaani ni bora kuliko neno moja la kwenye kioo.

Msemo mmoja, hata hivyo, umekuwa blanketi linalofunika yote: "Mtandao unasumbua." Husemwa pale mawasiliano yanapokatika kweli, husemwa pia pale umeme unapokatika, programu inaposimama, karani anaposahau nywila, na ofisa anapokuwa hayupo mezani. Hatuwalaumu sana wanaousema. Mtumishi hujibu kwa maneno aliyopewa, na mfumo haukumpa mengine. Lakini matokeo yake ni kwamba hakuna anayejua ni kitu gani kitengenezwe, na hakuna anayeweza kuhesabu ni mara ngapi kila jambo lilitokea.

Ndugu yake msemo huo ni "Jaribu tena baadaye." Baadaye ni lini? Katika soko la Mwaloni Kirumba jijini Mwanza, swali hilo si la kifalsafa. Dagaa huvuliwa kwa taa katika usiku wa giza, na kazi hupungua wakati wa mbalamwezi. Mwenye mzigo ana siku zake zinazohesabika. Sangara aliyelazwa kwenye barafu anahesabiwa kwa saa. Mwenye kutoka Ukara au Kome anao muda wa chombo cha kurudi. Ujumbe usiotaja muda huwaambia watu hawa wote wakae na wangoje kitu kisichojulikana, na kibali cha kusafirisha kikichelewa, samaki hawangoji.

Jambo la hatari zaidi limo katika neno tena. Tuseme mtu amelipa, fedha imetoka katika akaunti yake, kisha mawasiliano yamekatika kabla stakabadhi haijatolewa. Akiambiwa "Malipo yameshindikana, jaribu tena," hulipa mara ya pili. Sentensi hiyo ina makosa mawili. Yameshindikana ni kitenzi kilichomficha mtendaji. Kwa muundo wake kinatufahamisha kwamba jambo halikuwezekana bila kutuambia ni nani aliyeshindwa, wala ni hatua gani iliyofikiwa. Na agizo la kujaribu tena limetupwa kwa mtu, ilhali lilipasa kuwa la mashine. Msururu wa amri ulioandikwa vyema hujaribu upya wenyewe, kwa idadi iliyowekwa na kwa vipindi vinavyozidi kurefuka, huku ukitumia namba ile ile ya kumbukumbu ili malipo yasihesabiwe mara mbili. Ukishindwa kabisa, humwita ofisa. Mwananchi hana haja ya kujaribu chochote. Ana haja ya kujua.

5. Hitilafu iliyomezwa

Mpaka hapa tumeshughulika na ujumbe mbaya. Ubaya wa pili ni ukimya. Kuna mtindo wa kuandika programu ambao kwao kila hitilafu hunaswa na kutupwa, ili kazi isisimame mbele ya mkubwa. Sisi tunapendekeza hali hii iitwe kumeza hitilafu, kwa kuwa ndivyo inavyofanya: jambo limeingia, halikutapikwa, na mwili unaendelea kutembea na sumu yake. Wahenga walikwisha kulisema: mficha maradhi, kifo humuumbua.

Tufikirie msururu unaopokea kila usiku malipo mia tatu ya ushuru. Lile la arobaini na moja lina dosari. Kama programu itasimama kabisa, malipo mia mbili na hamsini na tisa yaliyobaki hayataingizwa, na asubuhi watu hao wote watahesabiwa kuwa wadaiwa. Kama itameza, mmoja atatoweka bila habari. Njia iliyo bora ni ya tatu: hilo moja litengwe, mengine yaendelee, na mhasibu akute juu ya meza yake orodha ya yaliyotengwa pamoja na sababu ya kila moja. Pale ambapo kazi haigawanyiki, kwa mfano kuhamisha fedha kutoka fungu moja kwenda jingine, kanuni hubadilika: ikishindikana katikati, yote yarejeshwe katika hali ya awali, wala isibakie nusu. Maneno kutenga na kurejesha tunayo. Tunachokosa ni mazoea ya kuyaandika katika miongozo yetu ya Kiswahili kama istilahi zenye mipaka.

Historia ya nchi yetu inatupa sababu ya kulitilia mkazo jambo hili. Kompyuta ya kwanza ya Serikali ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Jaribio la kuendesha hesabu za Serikali kwa kompyuta lilileta matatizo mengi na gharama kubwa, hata mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini bila idhini. Marufuku hiyo ililegezwa miaka mingi baadaye. Funzo lake lingali na uhai: mashine isiyoweza kueleza kushindwa kwake hatimaye hupoteza imani ya wenye mali. Tena mwaka 2016, uhakiki wa orodha za mishahara ulipofichua zaidi ya watumishi hewa 10,000, umma ulikuwa na istilahi tayari. Hewa ni neno zuri ajabu: linataja kitu kilichomo katika daftari na kisichokuwamo duniani. Tunalikumbusha kwa sababu ni kinyume halisi cha hitilafu iliyomezwa, ambayo ni kitu kilichomo duniani na kisichokuwamo katika daftari. Hiki cha pili hakijapata jina, na kwa hiyo hakijapata uhakiki.

Pengo hilo lina watu ndani yake. Taarifa za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zimerudia kutaja mashine za kukusanyia mapato za halmashauri zilizokuwa nje ya mtandao, pamoja na makusanyo yasiyopelekwa benki. Wakaguzi wanatimiza wajibu wao. Sisi tunatazama maneno. "Nje ya mtandao" inaweza kumhusu mkusanyaji aliyeko katika mwalo ambako mawimbi ya simu hayafiki. Inaweza kumhusu yule ambaye betri ya mashine yake imekufa. Na inaweza kumhusu mwizi aliyeizima kwa makusudi. Kama daftari la matukio linaandika maneno hayo matatu tu kwa wote watatu, basi mwaminifu hana kitu cha kujitetea nacho, na mwizi amepewa mahali pa kujificha. Mashine ingeweza kuandika: "mawimbi hayapatikani," "chaji imekwisha," "imezimwa na mtumiaji." Taarifa hizo mashine inazijua. Kinachohitajika ni kuzipa majina.

6. Mfano mmoja ulio mzuri

Haifai tutoe lawama tupu. Mwaka 2024 ulitupa mfano wa hitilafu iliyotabiriwa, ikakabiliwa kabla ya kutokea. Mita za umeme za malipo ya kabla, zikiwamo zetu za LUKU, hutambua kila namba ya tarakimu 20 kwa wakati iliotolewa, na wakati huo ulihesabiwa kwa dakika kuanzia mwaka 1993. Nafasi iliyotengwa kwa hesabu hiyo ilitosha dakika 16,777,216 tu, yaani karibu miaka 32, nayo ilikuwa ikomee tarehe 24 Novemba 2024. Baada ya hapo hesabu ingerudi sifuri, na mita ambayo haikurekebishwa ingeikataa namba mpya kwa kuidhania ya zamani. Mteja angekuwa amelipa, namba ni sahihi, na mita ingekataa.

Shirika la Umeme lilipoendesha zoezi hilo, mteja aliyenunua umeme alipewa makundi matatu ya tarakimu 20, akaelekezwa aingize la kwanza, kisha la pili, na mwisho la tatu lenye umeme wenyewe. Maelekezo yalikuwa ya Kiswahili, yalikuwa kwa mpangilio, na yalimwambia mtu afanye nini kwa mikono yake. Hapo ndipo penye ubora wake. Tungeongeza neno moja tu la uhakiki: zoezi liliitwa maboresho. Neno hilo hutuliza, lakini halifundishi. Mteja aliyeambiwa kwamba hesabu ya wakati ya mita inafikia kikomo angejua kwa nini asicheleweshe. Aliyeambiwa kwamba mita yake inaboreshwa angeweza kufikiri kwamba ni hisani inayoweza kungoja. Hata habari njema ya kiufundi hustahili sababu yake kutajwa.

7. Mapendekezo

Kutokana na hayo tunapendekeza mgawanyo ufuatao, ili wasomaji waujadili.

Kosa litumike tu pale mtumiaji alipotenda jambo ambalo yeye mwenyewe anaweza kulisahihisha, na ujumbe ulitaje: "Umeandika tarakimu 11, namba ina tarakimu 12."

Dosari itumike kwa taarifa yenyewe, iliyopungua au isiyolingana na nyingine, bila kujali nani aliiandika.

Hitilafu itumike kwa chombo au programu. Ujumbe wa hitilafu usimwagize mwananchi kusahihisha chochote.

Mkatiko utumike kwa mawasiliano au umeme uliokatika, na uwe umetofautishwa na hitilafu, kwa kuwa dawa zake si moja.

Mkwamo utumike kwa kazi iliyoanza, ambayo haikukamilika wala haikurejeshwa. Hii ndiyo hali ya fedha iliyotoka upande mmoja na haijafika wa pili, nayo ndiyo inayohitaji jina kuliko zote.

Zuio litumike pale ambapo mashine iko salama na taarifa ni kamili, ila kanuni imekataa: leseni imekwisha muda, au msimu umefungwa.

Batili liachiwe sheria.

Kuhusu kitendo chenyewe cha programu kuipokea hitilafu, baadhi ya watafsiri husema kudhibiti na wengine kushughulikia. La kwanza linaahidi mno, kwani mkatiko wa umeme haudhibitiwi na programu. La pili limechukua katika mazungumzo ya siku hizi harufu ya kumwadhibu mtu. Tunapendelea kukabili: hitilafu imekuja, nasi tunaigeukia uso kwa uso. Chini yake yawekwe matendo manne yaliyokwisha kutajwa: kujaribu upya, kutenga, kurejesha, na kutoa taarifa.

Mwisho, kila ujumbe kwa mwananchi ujibu maswali matatu: nini kimetokea, mali au ombi langu liko katika hali gani, na nifanye nini hadi lini. Tunajua pingamizi litakalotolewa, kwamba ujumbe wa simu una nafasi ya herufi 160 tu. Tumejaribu: "Fedha imetoka katika akaunti yako ila stakabadhi haijatolewa: mawasiliano yamekatika. Usilipe tena. Tutakujulisha leo kabla ya saa 10 jioni." Hazifiki 160. Na msomaji aangalie kiambishi tu- katika neno tutakujulisha. Kwa silabi moja ofisi imejitaja na imeuchukua mzigo. Kiswahili, kwa umbile lake, hudai mtenda katika kitenzi. Ni sisi tunaomkimbiza mtenda huyo kwa vinyambuo vya kujificha.

8. Hitimisho

Pingamizi jingine litakuwa kwamba maneno sita ni mengi kwa umma uliozoea moja. Tunajibu kwamba wavuvi wa ziwa hawaiti wavu ulionasa, wavu uliochanika na wavu uliochukuliwa kwa jina moja, kwa sababu kila hali ina kazi yake inayofuata. Anayefanya kazi na kitu hutaka maneno mengi. Ni asiyekifanyia kazi anayeridhika na moja.

Tunawaomba walimu wa vyuo vinavyofundisha utunzi wa programu wawape wanafunzi zoezi la kuandika ujumbe wa hitilafu kwa Kiswahili, na wausahihishe kwa ukali ule ule wanaosahihishia hesabu. Tunawaomba maofisa wa TEHAMA wa halmashauri watutumie jumbe ambazo mifumo yao inazitoa, zikiwa kama zilivyo, pamoja na maelezo ya hali iliyozisababisha. Na tunawaomba watafsiri, kabla ya kuandika neno kosa, wajiulize kwanza kosa hilo ni la nani.